Si Papa, ni Mamba

Nyumba tuliyopanga Kiwalani mwaka 1971 ilikuwa na vyumba sita, ukumbi mrefu katikati, ua wenye mwembe mmoja, na lugha tano. Chumba cha mbele kushoto alikaa kuli wa bandarini, Msukuma wa Magu, na mkewe na wanawe. Mkabala naye walikuwa Wandengereko wa Utete. Chumba cha katikati alikuwamo karani Mhaya ambaye hakupenda maneno mengi. Sisi tulitoka Newala, baba akiwa amepata kazi katika kiwanda kimojawapo cha Barabara ya Pugu, na chumba chetu kilikuwa cha mwisho, kinachotazamana na choo. Mwenye nyumba alikuwa Mzaramo, mjane, na kila mtu alimwita Bi Mkubwa, hata wazazi wetu.

Kiwalani ya wakati huo ilikuwa nusu mji, nusu shamba. Minazi na mikorosho ilisimama katikati ya nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, na mwenye bati alijulikana mtaa mzima. Kaskazini ilipita Barabara ya Pugu, ambayo leo ni ya Nyerere, na viwanda vyake. Upande wa pili Wachina walikuwa wameanza kazi ya reli ya TAZARA, na sisi watoto tulikwenda kuwatazama kama watu wanavyokwenda kutazama mpira. Watu walihamia Kiwalani kwa sababu mbili tu: chumba kilikuwa rahisi, na kiwandani unafika kwa miguu.

Wakubwa walipatana kwa Kiswahili cha kazini, kile cha bei, mshahara na "kesho njoo mapema". Sisi watoto hatukuwa nacho hata hicho. Kwetu Newala Kiswahili nilikisikia kwa wanunuzi wa korosho na viongozi wa TANU wakipita. Nyumbani kilikuwa Kimakonde, asubuhi mpaka usiku. Na tangu 1967 shule ya msingi ilifundishwa kwa Kiswahili, hesabu, siasa, kilimo, kila kitu. Mtoto aliyefika Dar es Salaam bila Kiswahili alikaa darasani akihesabu mabati ya paa. Mwalimu wetu alijitahidi, sitasema vinginevyo. Alishika kalamu akatuambia hii ni kalamu. Akashika chaki, hii ni chaki. Tukaimba naye, darasa zima, kwa sauti iliyofika barabarani. Lakini nani atabisha kwamba kalamu ni kalamu? Tulirudi nyumbani tukijua majina ya vitu ambavyo hatukuwa navyo, na hatukuwa na neno lolote la kumwambia mwenzetu.

Kiswahili changu nilikipata kwa Bi Mkubwa, usiku, uani.

Umeme haukuwapo mtaani kwetu. Baada ya kula, koroboi iliwekwa juu ya kinu kilichofudikizwa, mkeka ukatandikwa chini ya mwembe, na Bi Mkubwa akaketi na ukili wake. Vidole vyake vilikuwa vikisuka peke yake. Macho yalikuwa kwetu. Hakutuita. Alisema tu "Paukwa!" na waliojua wakajibu "Pakawa!" Mimi niliijua "Pakawa" kabla sijaijua "maji". Sikuelewa maana yake, na baadaye niligundua kwamba hakuna aliyeielewa, na haikuzuia kitu. Ilitosha kwamba mtu mzima ameita na wewe umeitikia, pamoja na wengine, kwa wakati mmoja. Mgeni alikuwa ameingia ndani ya lugha kwa mlango ambao hauulizi vyeti.

Hadithi aliyoirudia mno ilikuwa ya Kima na Papa. Watu wa pwani wanaijua. Kima anakaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, anakula matunda, anamrushia Papa yaliyobaki. Urafiki unakolea. Siku moja Papa anamwalika Kima kwao, anampakia mgongoni, na wakifika kilindini anamwambia ukweli: sultani wetu anaumwa, dawa yake ni moyo wa kima. Kima, badala ya kulia, anamlaumu Papa kwa kutomwambia mapema. Sisi kima tukisafiri mioyo tunaiacha mitini, turudi basi tukauchukue. Papa anageuka. Kima anafika, anapanda, na hateremki tena.

Aliisimulia hivyo hivyo mara kadhaa, neno kwa neno, na akaenda, akaenda, akaenda zile zile, na chubwi ile ile Papa alipozama. Ukiisikia hadithi mara nyingi namna hiyo, sarufi yake inakukaa bila kujitangaza. Nilikuja kufundishwa chuoni kwamba kuna wakati wa masimulizi unaoonyeshwa na "ka". Mimi niliujua tangu chini ya mwembe: mtu kwanza alikuwapo, halafu akaamka, akashika njia, akafika, akakuta. Hakuna aliyenichorea jedwali.

Kisha, tulipokwisha kuizoea, Bi Mkubwa akaanza kukosea.

"Basi Papa akapanda juu ya mkuyu, akachuma matunda..."

Kimya kidogo. Wale wakubwa wa Kindengereko wakacheka. Mtoto mmoja akapiga kelele: "Siyo Papa! Kima!"

"Ebo! Nimesema Papa? Uzee huu. Haya, Kima akapanda. Akaanguka baharini, akafa."

"Hakufa!"

"Hakufa? Basi alifanya nini, mwanangu? Sema wewe, mimi nimesahau."

Hakuwa amesahau. Mama yangu alimwuliza siku nyingine wakichambua mchele, na Bi Mkubwa akacheka akasema mtoto ukimwuliza atakuficha, lakini ukikosea mbele yake hawezi kuvumilia. Hakupata kukaa darasani hata siku moja, yule mama, na mimi niliyepitia kozi nyingi baadaye sijakutana na mkufunzi aliyenipa zaidi ya hilo.

Aliyenithibitishia hilo ni mtoto wa yule kuli, kijana wa Kisukuma wa umri wangu. Alikuwa mzito wa kusema. Wazazi wake walianza kuhofu kwamba ana kasoro ya ulimi, maana hata Kisukuma chenyewe alikuwa amepunguza tangu wafike mjini. Usiku mmoja Bi Mkubwa alisimulia Kima na Papa sawasawa, bila kosa hata moja, na alipofika kilindini yule kijana akasimama.

"Si papa," alisema. "Ni mamba."

Tukamcheka. Bi Mkubwa akanyanyua mkono tukanyamaza.

"Mamba, mjukuu wangu?"

"Mamba. Papa hapana. Kwetu ziwa... kwetu ziwani, mamba. Mamba ana mgongo, kima anakaa juu. Papa ana mgongo wapi? Kima ataanguka!"

Ilikuwa kweli, ukiifikiria. Mgongo wa papa una pezi katikati na unateleza. Yeye alitoka kando ya Ziwa Victoria, ambako mamba wapo na papa hakuna, na kwao hadithi hiyo hiyo ilikuwa na mnyama mwingine. Alikuwa ameinyamazia kila ilipotajwa, akidhani sisi ndio tunaoikosea, mpaka siku aliyoona hawezi tena. Akaendelea. Ngeli zilipishana, wingi ukakosa umoja wake, neno moja moja la Kisukuma likapenya, na hakuna aliyemsahihisha kwa sababu wote tulikuwa tumeshika upande. Wandengereko, watu wa Rufiji ambako mamba wanakula watu, wakahamia kwake papo hapo. Wenyeji wa Dar es Salaam wakashikilia papa wao. Mimi wa Newala sikuwa na bahari wala ziwa. Kwenye uwanda wetu maji yenyewe yalifuatwa bondeni mbali, na nilipofika Kiwalani bado niliiogopa ndoo iliyojaa. Kwetu kazi zote za ujanja zilikuwa za Sungura, na nikasema hivyo. Nadhani hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza ya Kiswahili kusema mbele za watu bila kuulizwa.

"Haya," Bi Mkubwa akakata shauri. "Kwetu papa, kwao mamba. Njoo ukae hapa unisimulie yako."

Yule kijana akakaa pale penye ukili, akaita "Paukwa!"

Kuanzia hapo zamu zilizunguka. Kila mtoto alikuwa na hadithi aliyokuja nayo, na nyingi zilikuwa ndugu: mjanja mdogo, mjinga mkubwa, mto au bahari katikati, na mtu mzima asiyesikia. Fisi wa Kisukuma alikuwa mwovu kuliko Fisi wa Kizaramo, ambaye ni mlafi tu. Tulibishana sana juu ya Fisi.

Nimeyafikiria mambo haya miaka mingi, kwanza nikiwa mwanafunzi, kisha mwalimu, na sasa mstaafu mwenye muda wa kufikiri. Ninalolishikilia ni hili: hatukujifunza hadithi mpya kwa lugha mpya. Hadithi tulikuwa nazo. Kilichokuwa kigeni ni Kiswahili peke yake, na tulikihitaji ili tuzitetee hadithi zetu. Mtu mzima akikupa lugha usiyoijua na kisa usichokijua, amekutwisha mizigo miwili kwa mkupuo mmoja.

Chuoni mkufunzi mmoja alitueleza habari za Edward Steere, yule Mwingereza aliyekuja kuwa askofu na kulijenga kanisa la Mkunazini, Unguja. Aliwaketisha watu wa Unguja wakamsimulia, akaandika, na mwaka 1870 akachapisha London kitabu cha hadithi za Kiswahili, ukurasa mmoja lugha yetu, wa pili Kiingereza. Kima na Papa wamo. Kwa hiyo wamisionari walijifunza Kiswahili kwa hadithi zile zile za uani. Niliposikia hayo nilijiuliza kwa nini wakubwa wa Kizungu walipewa hadithi, na sisi watoto wa Kiafrika tukapewa kalamu na chaki.

Si kwamba vitabu vya shule havikuwa na visa kabisa. Waulize waliosoma msingi miaka ya sabini na themanini, watakutajia "Kibanga Ampiga Mkoloni" kabla hawajakumbuka zoezi lolote la upatanisho. Lakini kisa kilisomwa, kikafuatwa na maswali, kikafungwa. Hakuna aliyethubutu kusema kwao Kibanga alimpiga mkoloni kwa namna nyingine.

Nilimaliza Darasa la Saba mwaka 1978, nikachukuliwa ualimu wa UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote. Serikali ilikuwa imeazimia kila mtoto aingie shule kufikia Novemba 1977, na vyuo havikuweza kutoa walimu wa kutosha. Ndipo vijana waliomaliza msingi wakafundishwa ualimu huku wanafundisha. Tulidharauliwa, na wengine mpaka leo wakisikia "mwalimu wa UPE" wanatabasamu. Nilianzia Mkoa wa Pwani, na katikati ya miaka ya themanini nikarudi Kiwalani, safari hii nikiwa na chaki mkononi.

Nikapewa Kiingereza, Darasa la Tatu na la Nne. Watoto walijaa, madawati hayakutosha, kitabu kimoja kilizungukwa na vichwa vingi kiasi kwamba wa pembeni alijifunza kusoma herufi zikiwa zimelala. Kiingereza changu kilikuwa cha Darasa la Saba, kikiongezewa kozi. Sasa nasema hiyo ilikuwa heri, kwa sababu sikuwa na maneno makubwa ya kuwatisha.

Watoto hao hawakuwa wageni wa Kiswahili kama sisi. Wengi walizaliwa hapo hapo, na jumuiya ya uani ilikuwa inapungua, lakini redio ilikuwapo. Studio za Redio Tanzania zilikuwa kwenye barabara hiyo hiyo ya Pugu, mwendo si mrefu kutoka kwetu, na sauti ya Debora Mwenda katika kipindi cha Mama na Mwana iliwakusanya watoto kwenye dirisha la mwenye redio. Nilikipenda kipindi kile. Kiliwapa watoto wa nchi nzima Kiswahili safi, na najua watu wazima wanaokumbuka visa vyake kwa machozi. Bi Mkubwa, ambaye alikuwa bado hai lakini macho yamekwisha, alikuwa na lawama moja tu: alimbishia mtangazaji kwa sauti, na redio haikumjibu.

Basi nikaleta Kima na Papa darasani. Siku ya kwanza kwa Kiswahili, kwa kuwa wapo ambao hawakuwahi kuisikia, na wale wa bara wakaleta mamba wao, nikawaacha wagombane. Baadaye nikaisimulia kwa Kiingereza, sentensi fupi, mkuyu na bahari nimevichora ubaoni, mikono na miguu ikifanya kazi. Nikarudia hivyo hivyo vipindi vilivyofuata. Halafu nikafanya kama nilivyofanyiwa: nikasema kwa Kiingereza kwamba papa alipanda mti.

Darasa likalipuka. Aliyesema wa kwanza alikuwa mtoto aliyekaa nyuma kabisa, ambaye kwa mtihani asingepata alama tano. Sentensi yake haikuwa na kitenzi kilichonyooka, lakini ilikuwa na kima, ilikuwa na mti, na ilikuwa na "no" kubwa mbele yake. Nikajifanya sielewi. Akairudia, mwenzake akaongezea neno, wa tatu akaiweka sawa. Sentensi nzima ya Kiingereza ilitengenezwa na watoto watatu wenye hasira. Nimefundisha muda mrefu, na sikumbuki furaha ya darasani iliyozidi ile.

Mkaguzi mmoja aliyeingia siku za mbele alifungua andalio langu la somo, hakumwona papa mle, akaandika kwamba nimetoka nje ya azimio la kazi. Nilisaini. Wiki iliyofuata nikamwingiza papa kwenye andalio, chini ya kichwa cha zana na ufaraguzi, na sikusumbuliwa tena.

Wakati huo huo wakubwa nao walikuwa wakitafuta dawa. Mwalimu Nyerere alikuwa amekiita Kiingereza Kiswahili cha dunia, na sekondari kiliendelea kuwa lugha ya kufundishia. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walipima hali ilivyo, wakaripoti kwamba wanafunzi wengi hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kuyasoma masomo yao. Ukaja mradi uliosaidiwa na Uingereza, na sehemu kubwa ya tiba yake ilikuwa vitabu vyembamba vya hadithi kwa lugha nyepesi, vilivyopelekwa sekondari. Nilifurahi kusikia kwamba wataalamu wamefika alipokuwa Bi Mkubwa. Mpwa wangu aliniletea kimoja nikisome. Kilikuwa kizuri, na kilikuwa na theluji kuanzia ukurasa wa kwanza. Nilimwuliza amekielewaje. Akasema ameyaelewa maneno. Baadaye alikuja na cha Richard Mabala, *Hawa the Bus Driver*, cha mwanamke dereva wa basi, na hicho alinisimulia chote bila kuombwa, akabisha hata uendeshaji wa Hawa, maana mambo ya mabasi ya Dar es Salaam aliyajua.

Shule za msingi hazikupata vitabu hivyo. Afadhali iliyotufikia ni ya Kiswahili, pale Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanzishwa mwaka 1991 na waandishi wetu wakaanza kupata mahali pa kuchapishia hadithi za watoto. Nilivitumia vile vile: kwanza mtoto akipende kisa kwa lugha yake, kisha tukivushe.

Leo Kiwalani imejengwa mpaka njia za kupita zimebana. Minazi imebaki kwenye jina la Minazi Mirefu. Asubuhi mabasi ya njano yanachukua watoto kwenda shule za Inglishi midiamu, na katika nyumba ya jirani yangu Kiswahili kimepigwa marufuku mezani ili mtoto "asichanganyikiwe". Mtoto huyo akiulizwa kwa Kiingereza anajibu kwa kutikisa kichwa. Ana katuni nzuri, tena nyingine za hapa kwetu. Ubongo Kids ilianza mwaka 2014 hapa hapa Dar es Salaam na ina wajuzi wake. Lakini mtoto hana mtu wa kumbishia.

Nilimwambia mama yake ninalokuambia wewe msomaji mwenye mtoto. Usianze na Kiingereza. Msimulie Sungura, au Kima, au kisa chochote cha kwenu, kwa lugha unayoijua vizuri, mpaka akizoee. Kisha kisimulie kwa hicho Kiingereza chako kidogo, usione haya. Akishakizoea tena, mpandishe papa juu ya mti, na unyamaze umngoje.